Kipandikizi cha kauri au cha titani: tutazame kinavyovunjika

Wanaouza vipandikizi vya meno vya kauri, yaani mizizi bandia inayopachikwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino, hupenda kutaja namba moja. Zirkonia, kauri nyeupe inayotumika siku hizi, huhimili mkazo wa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 900 hadi 1,200 inapopindwa, ilhali titani safi ya daraja la 4 inatakiwa kuhimili angalau megapaskali 550 inapovutwa. Ukiziweka namba hizo bega kwa bega, kauri imeshinda. Namba ni za kweli, ila hitimisho lina kasoro, na atakayeibeba kasoro hiyo ni mgonjwa mwenye kipandikizi kilichokatikia ndani ya taya.

Vipimo hivyo viwili havifanani. Cha kauri hufanywa kwa kupinda kijiti kidogo kilichosuguliwa kikawa laini, kisicho na mkwaruzo wala hesi (mizunguko ya skrubu iliyochongwa kwenye kipandikizi). Cha metali hufanywa kwa kuvuta. Isitoshe, titani haikatiki ghafla: daraja la 4 hurefuka kwa asilimia 15 hivi kwanza. Zirkonia hairefuki. Ikifika mwisho wake, hupasuka.

Kwa hiyo namba ninayoitazama mimi ni ukinzani dhidi ya ufa, yaani jinsi ilivyo vigumu kwa ufa ambao tayari upo kuendelea kukua. Kinywani hakuna kipandikizi kisicho na dosari. Hesi zenyewe ni mifereji, na uso wake hukwaruzwa makusudi ili mfupa ushike. Kwa kipimo hicho zirkonia hupata 5 hadi 10 (megapaskali kwa kipeuo cha pili cha mita), huku titani ikipita 50. Mkwaruzo mdogo ambao metali haiujali unaweza kuwa mwanzo wa mwisho kwa kauri.

Hata hivyo kauri isidharauliwe, maana zirkonia ina namna ya kujilinda ambayo kauri nyingine hazina. Fuwele zake hushikiliwa katika umbo lisilo la kawaida yake kwa kuongezewa itria (oksidi ya metali iitwayo itriamu), takriban asilimia 3 kwa hesabu ya moli. Ncha ya ufa inapozifikia, fuwele zilizo karibu hubadilika umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hivi, na uvimbe huo huubana ufa pande zote mbili. Ron Garvie na wenzake nchini Australia waliueleza utaratibu huu mwaka 1975. Vipandikizi vya kauri vya miaka ya 1970, vilivyotengenezwa kwa alumina (kauri ya oksidi ya alumini), havikuwa na kinga hiyo, na kuvunjika ndiko kulikoviondoa sokoni. Anayeipinga zirkonia ya leo kwa sababu ya alumina ya wakati ule anaionea.

Lakini kinga hiyo ina upande wa pili. Kwenye unyevu, fuwele za juu zinaweza kuanza kubadilika zenyewe, polepole, pasipo ufa wowote. Uso huparara, vijiufa huzaliwa, maji huingia ndani zaidi. Wahandisi huiita hali hii kuzeeka kwa joto la chini. Hofu hii si ya maabara tu. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vya zirkonia vilivyotengenezwa Ufaransa viliondolewa sokoni baada ya vile vya matoleo fulani kuvunjika mapema mno ndani ya wagonjwa, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye badiliko la tanuru la kuchomea. Ndiyo maana kiwango cha ISO 13356, cha shirika la kimataifa la viwango, kinadai zirkonia ya tiba ikae saa 5 kwenye mvuke wa nyuzi joto 134, kisha fuwele zilizobadilika zisizidi asilimia 25. Kwangu funzo kubwa la tukio lile ni jinsi kauri inavyolitegemea tanuru. Badiliko dogo kiwandani, ambalo huwezi kuliona kwa macho, huamua kitakachotokea miaka ijayo.

Titani nayo haiko salama kabisa. Adui yake ni uchovu, yaani kudhoofika kwa metali kwa mizigo midogo inayojirudia mara nyingi. Mgonjwa wa kwanza wa Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi aliyeanzisha vipandikizi hivi, aliwekewa vipandikizi vya titani mwaka 1965, hivyo tabia ya metali hii kinywani tunaijua vizuri kuliko ya mshindani wake. Uchovu huanza kwa ufa mdogo, mara nyingi chini ya hesi ya kwanza au ya pili, pale ukuta ulipo mwembamba kwa sababu ya tundu la skrubu. Kila mtafuno huusogeza kidogo. Ukikitazama kipande kilichokatika kwa hadubini ya elektroni, unaona mistari midogo sambamba, mmoja baada ya mwingine, ufa ulipopiga hatua. Uso wa kauri iliyovunjika husimulia mengine: kuna nukta moja ya kuanzia, pengine kovu la kinoo, kisha miale inatawanyika kutoka hapo.

Tofauti hiyo humgusa mgonjwa moja kwa moja, kwa sababu metali mara nyingi hutoa taarifa. Skrubu inayoshika jino bandia hulegea, ikikazwa hulegea tena, jino linacheza. Daktari makini hapo hupiga picha ya eksirei na kuuliza kama mgonjwa anasaga meno usiku. Mara nyingi skrubu ndiyo hukatika kwanza, na skrubu hubadilishwa. Kauri ya kipande kimoja, ambayo mzizi na shina la kubebea jino ni kitu kimoja bila skrubu, haina cha kulegea. Iko sawa leo, iko sawa kesho, halafu imevunjika. Waya hupinda kabla ya kukatika, kigae hakipindi.

Kuna hoja moja ya kimekanika dhidi ya kauri ambayo naona inatiwa chumvi, nayo ni ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kupinda. Zirkonia ina gigapaskali 200 hadi 210, titani 100 hadi 110, na mfupa mgumu wa taya 10 hadi 20. Wengine husema kauri, kwa kuwa ina ukakamavu mara mbili ya titani, huunyima mfupa mzigo unaouhitaji. Lakini hata titani ina ukakamavu mara tano au zaidi ya ule wa mfupa, na vyote viwili vimegandana na mfupa bila ile ngozi laini inayolizunguka jino la asili. Miundo ya kompyuta inayolinganisha mkazo ndani ya mfupa huonyesha tofauti ndogo. Mimi singemkatalia mtu kauri kwa sababu hiyo. Pale ambapo ukakamavu na ugumu huleta shida kweli ni kwenye kiungo cha mchanganyiko: nguzo ya zirkonia (shina linalobeba jino bandia) ikipachikwa moja kwa moja ndani ya kipandikizi cha titani, kilicho kigumu hula kilicho laini, na metali huanza kulika.

Jambo lenye uzito kuliko yote niliyotaja ni unene. Nguvu ya fimbo ya mviringo dhidi ya kupindwa hukua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kipandikizi cha milimita 4.1 kina karibu mara mbili ya nguvu ya kile cha milimita 3.3 chenye umbo na malighafi ileile. Mfupa ukirudi nyuma, mkono wa nguvu hurefuka na mkazo hupanda pale pale kwenye shingo. Magego ya mtu mwenye afya huweza kubana kwa nyutoni 500 hadi 700, meno ya mbele kwa nguvu ndogo zaidi sana.

Kwa hiyo, mahali pembamba, penye magego, au kwa anayesaga meno, mimi nipo upande wa metali bila kusita, na pakiwa pembamba sana basi iwe aloi ya titani na zirkoniamu (metali, si kauri ya zirkonia). Kwa jino moja la mbele, mfupa ukitosha kipenyo cha milimita 4 au zaidi, na fizi ikiwa nyembamba kiasi cha kuonyesha kijivu cha metali, kauri ya kipande kimoja ni chaguo la heshima, mradi isichongwe ovyo mdomoni baada ya kuwekwa. Kauri ya vipande viwili naiangalia kwa tahadhari zaidi: kuta zake ni nyembamba, na skrubu inapokazwa huzivuta kwa ndani, mzigo ambao kauri huustahimili vibaya kuliko wote.

Kipandikizi cha aina yoyote kikikatikia ndani, mzizi uliobaki hutolewa kwa kuchimbua mfupa unaouzunguka, na mara nyingi mfupa huo hujazwa upya kabla ya kujaribu tena. Ndiyo maana namba ya megapaskali peke yake hainitoshi. Jaribio la ISO 14801 hukilaza kipandikizi nyuzi 30, huacha milimita 3 za shingo nje kana kwamba mfupa umepungua, kisha hukibana mara milioni 5 kikiwa kikavu, au milioni 2 kwa mwendo wa taratibu ndani ya maji. Watengenezaji wa kauri watoe matokeo ya majini, baada ya kuzeeshwa, kwa kipenyo kidogo kabisa wanachouza, na daktari awe nayo mkononi kabla mgonjwa hajakubali.