Bopanna Hakuchelewa

Tarehe 27 Januari 2024, katika uwanja wa Rod Laver mjini Melbourne, Rohan Bopanna wa India na mwenzake Matthew Ebden wa Australia waliwashinda Waitaliano Simone Bolelli na Andrea Vavassori kwa 7-6 na 7-5, wakatwaa taji la wanaume wawili wawili katika Mashindano ya Wazi ya Australia. Bopanna alikuwa na umri wa miaka 43. Siku mbili baadaye orodha ya ubora ya wachezaji wa wawili wawili ilipotoka, jina lake lilisimama juu kabisa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla yake, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote kushika nafasi hiyo kwa mara ya kwanza ni Rajeev Ram wa Marekani, aliyeipata akiwa na miaka 38. Karibu kila nilichokisoma juma lile kilimsifu Bopanna kwa maneno yaleyale: mstahimilivu, mwenye subira, mtu aliyechelewa lakini akafika.

Sifa hizo zilinikera, na nimechukua muda kuelewa kwa nini. Ukisema mtu amechelewa, umekwisha kuamua kwamba kulikuwa na saa aliyopaswa kufika. Saa hiyo tumeiazima kutoka tenisi ya mmoja mmoja, ambako mchezaji wa miaka 30 huanza kuulizwa atastaafu lini, kisha tukaitundika kwenye ukuta wa nyumba nyingine. Mchezaji wa wawili ana kazi yake, yenye mafunzo yake na umri wake wa kukomaa, na maisha ya Bopanna ni ushahidi mzuri kuliko mwingine wowote ninaoujua.

Tuanze na uwanja wenyewe. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 8.23, wakicheza wawili wawili, mistari ya pembeni huingizwa na upana unakuwa mita 10.97. Upana umeongezeka kwa theluthi moja, lakini watu wameongezeka maradufu, kwa hiyo nafasi ya kila mmoja imepungua na mapengo yamehama. Mpira uliokuwa salama katika mchezo wa mmoja, ule unaopita juu kidogo ya wavu na kuangukia katikati, hapa ni zawadi kwa mtu aliyesimama mbele akiungojea. Anayerudisha mpira wa kuanzisha ana chini ya sekunde moja ya kuamua aupeleke pembeni kwa kuhatarisha, aunyanyue juu ya vichwa vya wapinzani, au auteremshe miguuni mwa anayekimbilia wavuni. Anayeanzisha naye haanzishi kwa niaba yake peke yake. Mwenzake aliye mbele ameweka mkono nyuma ya mgongo na kuonyesha vidole: mpira uende wapi, naye atakatiza upande gani au atabaki palepale. Mara nyingine huchutama katikati kabisa ya uwanja, chini ya kimo cha wavu, ili mpinzani asijue atachomokea kushoto au kulia. Anayetazama kwenye televisheni huona pointi iliyokwisha kwa mapigo matatu na kudhani hakuna kilichotokea. Yote yalikwisha kutokea kabla mpira haujarushwa juu.

Kuna pia suala la hesabu. Katika mashindano mengi ya kawaida ya mzunguko wa wanaume, gemu ya wawili ikifika 40 kwa 40 pointi moja tu ndiyo inayoamua, na wakigawana seti mbili za mwanzo hawachezi ya tatu, bali wanagombea pointi 10. Waandaaji waliona hivyo ni rahisi kwa ratiba zao. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba juma zima la kazi laweza kufutwa na mpira mmoja uliogusa ukingo wa wavu na kudondokea upande usiotakiwa. Mtu anayeishi kwa mchezo wa namna hiyo kwa miaka 20 hana budi kujizoeza kupoteza Jumanne na kuamka Jumatano bila kinyongo na mwenzake.

Bopanna alizaliwa Bengaluru mwaka 1980, katika familia ya wakulima wa kahawa wa Kodagu, nchi ya vilima kusini mwa India. Aliingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 2003. Katika mchezo wa mmoja mmoja hakuwahi kupanda zaidi ya nafasi ya 213, na hapa lazima niwe mkweli, maana nikificha jambo hili hoja yangu itakuwa ya ujanja: nafasi ya 213 haimlishi mtu vizuri. Mchezaji wa ngazi hiyo hulipa nauli, hoteli na kocha kwa fedha ambazo mara nyingi hazirudi. Kwa hiyo ndiyo, alihamia mchezo wa wawili kwa sababu ule wa mmoja ulikuwa umemfungia mlango. Lakini wangapi miongoni mwetu wanafanya kazi waliyoichagua wakiwa na miaka 12? Fundi aliyeanza na useremala akaishia kuwa bingwa wa kuunda majahazi hatumwiti seremala aliyeshindwa.

Mwaka 2010, akiwa na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistan, alifika fainali ya Mashindano ya Wazi ya Marekani. Mabalozi wa nchi zao mbili katika Umoja wa Mataifa walikuja uwanjani New York kuwatazama wakiwa pamoja, jambo ambalo wanasiasa wengi wasingeweza kulipanga. Walifungwa na ndugu wawili pacha, Bob na Mike Bryan, kwa 7-6 na 7-6. Ukitaka kujua mchezo wa wawili unavyoweza kufika mbali, watazame Bryan: mmoja wa mkono wa kushoto, mwingine wa kulia, waliotwaa pamoja mataji 16 makubwa ya wanaume wawili wawili, yaani yale ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Lakini wao walizaliwa na jibu la swali ambalo wengine wote hulitafuta maisha yao yote, yaani nicheze na nani.

Swali hilo ndilo kazi yenyewe. Bopanna alicheza na Qureshi, na Mahesh Bhupathi, Mhindi mwenzake, na Florin Mergea wa Romania, na wengine wengi. Akiwa na Bhupathi alifika fainali ya mashindano ya kufunga msimu mwaka 2012, na akiwa na Mergea akafika tena mwaka 2015. Mara zote mbili aliondoka bila kombe. Mwaka 2017 alishinda taji la mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja, mjini Paris akiwa na Gabriela Dabrowski wa Canada. Kila mwenza mpya ni lugha mpya. Huyu hupenda kuzungumza baada ya kila pointi, yule ukimsemesha anaharibikiwa. Huyu hukatiza mapema, yule hungoja. Katika nchi yake mwenyewe jambo hili liligeuka kuwa ugomvi wa hadharani kabla ya Olimpiki ya London mwaka 2012, nani acheze na nani, hadi India ikapeleka timu mbili badala ya moja. Nilikuwa nikiucheka ugomvi ule. Siku hizi siucheki, kwa sababu nimeelewa kwamba kumwambia mchezaji wa wawili acheze na mtu asiyemwamini ni sawa na kumwambia mwanamuziki apige ngoma na mtu asiyesikia mahadhi yake.

Kisha mwili. Magoti yake yalikuwa yamelika kiasi kwamba alikuwa akiishi kwa dawa za maumivu, mpaka alipoingia katika yoga ya Iyengar wakati wa janga la korona. Mwaka 2021 alipitisha miezi mitano bila kushinda hata mechi moja. Alieleza mwenyewe mjini Melbourne, kombe likiwa mkononi, kwamba wakati huo alimtumia mke wake ujumbe kuwa anakusudia kuacha. Miaka miwili baadaye alianza kucheza na Ebden. Mwezi Machi 2023 walishinda mashindano ya Indian Wells nchini Marekani, wakafika fainali mjini New York mwezi Septemba, miaka 13 kamili baada ya ile ya Qureshi, na Januari iliyofuata ikaja Melbourne. Machi 2024 walishinda mashindano ya Miami pia, Bopanna akiwa tayari na miaka 44.

Mtu atasema: haya yote ni ujuzi mzuri, lakini mabingwa wa mmoja mmoja wakiamua kucheza wawili si wangewafagia? Pingamizi hili lina uzito, na mfano wake upo. Mwaka 2022, uwanja uleule wa Melbourne, Nick Kyrgios na Thanasi Kokkinakis, ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wataalamu wa wawili, walichukua taji mbele ya umati uliokuwa ukishangilia kama wa mpira wa miguu. Waliofungwa katika fainali ile walikuwa Max Purcell na huyuhuyu Ebden. Siwezi kuukataa ushindi ule. Naongeza tu kwamba miezi michache baadaye Ebden na Purcell walitwaa Wimbledon kwa kuwashinda Nikola Mektić na Mate Pavić katika seti tano, na kwamba majuma mawili ya moto wa vijana wawili nyumbani kwao hayalingani na miaka kumi ya kazi.

Mfano wa upande wa pili ni mtamu zaidi. Mwaka 2025 waandaaji wa Mashindano ya Wazi ya Marekani walilitoa shindano la mchanganyiko katika ratiba yake ya kawaida, wakalichezesha kwa siku mbili katika juma lililotangulia mashindano yenyewe, wakatenga dola milioni 1 kwa washindi, na kuzijaza nafasi karibu zote kwa nyota wa mmoja mmoja. Wataalamu wa wawili, ambao fedha hizo zingewatunza mwaka mzima, walitazama kutoka nje. Ni Waitaliano Sara Errani na Andrea Vavassori tu, mabingwa watetezi, walioachiwa nafasi kama jozi ya kweli ya wawili. Wakashinda. Katika fainali waliwafunga Iga Świątek na Casper Ruud, na Vavassori yule ni yuleyule aliyefungwa na Bopanna Melbourne. Sijawahi kuona hoja ikijibiwa kwa ufupi namna ile.

Fedha zenyewe zinasema wazi jinsi kazi hii inavyothaminiwa. Mwaka 2024 bingwa wa mmoja mmoja Melbourne alilipwa dola za Australia 3,150,000. Jozi iliyoshinda wanaume wawili wawili ililipwa 730,000, yaani 365,000 kwa kila mmoja, kabla ya kocha, daktari wa viungo na kodi. Sisemi walipwe sawa; mechi zao ni fupi na wanaonunua tiketi huja kuwaona wengine. Lakini sehemu ya sababu ya watu kutokuja ni kwamba mchezo huu huandaliwa kama chai inayoletwa baada ya wageni kumaliza pilau. Fainali ya Bopanna ilichezwa baada ya fainali ya wanawake, saa ambayo watazamaji wengi huwa wameanza kutafuta usafiri. Kwenye televisheni, katika sehemu niliyokwenda kuitazama, mwenye kibanda alikuwa amekwisha kubadilisha stesheni, na nilinunua soda ya pili kusudi anirudishie mechi.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa namna moja mahususi. Julai 2022, Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji kubwa la vijana, nalo lilikuwa la wasichana wawili wawili Wimbledon, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4 na 11-9 katika pointi za kuamua. Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, alikuja kushinda Mashindano ya Canada ya mmoja mmoja mwaka 2025, na tangu hapo nimesikia watu wakipima: mmoja amefika, mwingine bado. Kipimo hicho ndicho ninachokipinga tangu mwanzo. Katika klabu nyingi za kwetu mchezo wa wawili ni wa wazee wa jioni, wanaoucheza ili wasikimbie sana, na mtoto mwenye kipaji huondolewa humo haraka. Hakuna anayemketisha na kumwambia kwamba kuna watu wanaojenga nyumba, kusomesha watoto na kuingia katika historia kwa kucheza hivyo tu, na kwamba mikono ya haraka na jicho la kumsoma mwenzako ni mtaji ambao hauishi pindi miguu inapopungua kasi.

Bopanna alitangaza kustaafu tarehe 1 Novemba 2025, akiwa na miaka 45. Mashindano yake ya mwisho yalikuwa ya Paris, siku chache kabla, na hakuyacheza na Ebden wala na rafiki yeyote wa zamani. Aliingia uwanjani na Alexander Bublik wa Kazakhstan, mchezaji wa mmoja mmoja, mdogo kwake kwa miaka 17, mwenye mizaha mingi na mapigo yasiyotabirika. Walitolewa mapema. Ilikuwa jozi mpya, yenye ishara za vidole za kukubaliana upya.