Mahindi ya kula na mahindi ya mbegu ndani ya SSD

Rafiki yangu mmoja ana studio ya picha Iringa. Video zake zote za harusi na sendofu, za mwaka huu na za miaka mitano nyuma, zimelala kwenye SSD moja ya terabaiti 2, yaani diski ya kumbukumbu ya flashi isiyo na kitu kinachozunguka, pamoja na Windows na programu za kuhariria. Nikimwambia atenganishe, ananijibu, "Fundi, hiyo diski ina akili kuliko wewe. Inajua yenyewe kipi ikiweke wapi." Karani mmoja wa chama cha ushirika cha kahawa huko Mbozi yeye haiamini mashine yoyote. Msimu ukiisha anahamishia hesabu zote kwenye hadi diski (hard disk) ya nje, anaiviringisha kwenye soksi na kuifungia kabatini. Wote wawili kompyuta zao zinapita mikononi mwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa muda mrefu nilikuwa namcheka wa Mbozi.

Wa Iringa ana hoja, tena nzito. Kumbukumbu ya flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980, ina tabia moja ngumu: unaandika ukurasa mmoja mmoja, lakini ukitaka kufuta unafuta bloku nzima yenye mamia ya kurasa. Huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Faili likibadilika, toleo jipya linakwenda ukurasa mwingine na la zamani linabaki pale likiwa mfu.

Chukua Coaster ya Mbeya kwenda Tunduma. Abiria wa Mbalizi wanashuka mapema, wa Tunduma wamekaa. Sasa iwe ni sheria kwamba gari haioshwi mpaka iwe tupu. Kila ikitakiwa kuoshwa, wa Tunduma wanahamishiwa gari nyingine, wao na mizigo yao, ingawa hawajafika. Ndani ya SSD kila uhamisho wa namna hiyo ni kuandika upya, na kuandika ndiko kunakochakaza. Seli ni vijumba vidogo vinavyoshikilia data kwa chaji ya umeme; za zamani za biti moja zilivumilia kufutwa kama mara 100,000. Hizi za biti tatu zilizojaa madukani huvumilia kati ya 1,000 na 3,000 hivi, na za biti nne chini zaidi. Kwa hiyo kidhibiti cha diski, ile chipu inayoamua kipi kiandikwe wapi, kinachojua kuwapakia wa Mbalizi peke yao, yaani data moto zinazobadilika kila saa, na data baridi, zisizobadilika, peke yake, kinaokoa maisha ya diski na kasi yake pia. Hapo sibishani.

Ubishi unaanzia kwenye kujua nani ni wa Mbalizi. Kidhibiti hakioni harusi wala hesabu za kahawa, kinaona namba za anwani tu. Inabidi kihesabu na kukisia, na kuhesabu kunakula kumbukumbu ambayo SSD za bei ya chini, zisizo na DRAM (kumbukumbu ya muda ya haraka) yake, hazina ya kutosha. Halafu moto wenyewe hauna adabu. Hesabu za wakulima wa Mbozi zinafunguliwa kila siku wakati wa mavuno. Ikifika Januari hakuna anayezigusa. Kiwango cha NVMe 1.3, lugha ya kompyuta kuongea na SSD, cha mwaka 2017 kiliweka njia ya kompyuta kuiambia diski data zipi zitakufa pamoja, lakini faida yake imewahusu zaidi wenye seva kubwa kuliko mwenye studio.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Data baridi zikiachwa zimetulia, bloku zake zinabaki mpya huku za data moto zikizeeka. Ili uchakavu ulingane, kidhibiti hufanya kinyume cha utakavyotarajia: huchukua data baridi na kuzihamishia kwenye bloku zilizokwisha kuchoka. Kwa uhai wa diski ni busara. Ila seli iliyochoka ndiyo inayovujisha chaji haraka, kwa hiyo kinachotakiwa kukaa muda mrefu kinawekwa kwenye gunia lenye matundu. Diski ikiwa kwenye umeme, kidhibiti kizuri hukagua na kuandika upya. Mwaka 2014 wenye SSD za Samsung 840 EVO waligundua data zao za zamani zinasomeka polepole mno, na dawa ya kudumu iliyokuja 2015 ilikuwa hiyohiyo, kuandika upya zile za zamani mara kwa mara. Diski ikiwa kwenye droo hakuna wa kukagua. Kipimo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya kawaida iliyomaliza maisha yake ishikilie data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30. Joto likizidi, muda unapungua. Kwa hili baridi yetu ya Juni ni neema.

Mama zetu hawakupima thamani ya mahindi kwa wingi wa mara yanavyoguswa. Ya kula yalikuwa ghalani, yanachotwa kila siku. Ya mbegu yalining'inizwa juu ya jiko, yanapata moshi, hayashikwi mpaka mvua za Novemba. Kidhibiti kinapima mguso peke yake. Kwake, video ya harusi ambayo bibi harusi ataiulizia baada ya miaka saba ni kitu kilichopoa tu.

Basi naiachia SSD kazi ya data moto na sehemu yake naiacha wazi ipumue, maana ikijaa inapoteza nafasi ya kuandikia haraka. Data baridi zenye thamani nazitoa kwa mkono kwenda diski ya nje. Soksi ya Mbozi nayo siisifu yote: ni nakala moja, na hadi diski ikianguka sakafuni soksi haisaidii sana.

Wa Iringa amekubali nusu. Za mwaka jana kurudi nyuma ziko kwenye hadi diski mbili, moja studio, nyingine kwa mama yake Kihesa. Za mwaka huu amegoma.