Kamusi ya Kiingereza Haipimwi kwa Wingi wa Maneno

Kamusi nyingi za Kiingereza hujinadi kwa idadi. Jaladani huandikwa kwamba ndani mna maneno na maana maelfu kwa maelfu, na mnunuzi huchukua ile yenye tarakimu kubwa akiamini amepata iliyo bora. Kipimo hicho kinawapotosha wengi, hasa wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza na wanataka kamusi ya kufungua kila siku: kuhakiki tahajia, kuelewa habari, kuandika barua ya kikazi. Hata hivyo si haki kuzibeza kamusi kubwa, kwa sababu zina kazi ambayo nyingine haziiwezi.

Kamusi ya Samuel Johnson ilitoka London mwaka 1755. Noah Webster alichapisha yake kubwa Marekani mwaka 1828. Oxford English Dictionary ilianza kutoka kwa sehemu mwaka 1884, ikakamilika mwaka 1928, na toleo lake la pili la mwaka 1989 lina juzuu 20. Zote tatu ziliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anakijua Kiingereza, anayetafuta neno gumu, neno adimu au asili ya neno. Anayesoma riwaya za karne ya 19 au maandishi ya dini ya zamani atakuta humo maneno ambayo kamusi za leo za wanafunzi zimeyaacha kabisa. Na etimolojia, yaani asili ya neno, si pambo. Ukijua neno limetoka Kilatini au Kifaransa, mara nyingi unayatambua na ndugu zake kumi bila kuyatafuta.

Udhaifu wa kamusi hizi unaonekana kwenye maneno mepesi. Oxford English Dictionary hupanga maana kwa umri, iliyo kongwe mbele. Fungua "nice" na utaanza na maana iliyokufa zamani, ya upumbavu, kabla ya kufikia ile ambayo watu wanaitumia. Kwa mtafiti wa historia ya lugha huo ni utajiri mkubwa. Kwa mtu anayetaka kumaliza barua yake ni kuzungushwa tu. Isitoshe, neno rahisi mara nyingi hufasiliwa kwa maneno magumu kuliko lenyewe, nawe unaruka ukurasa hadi ukurasa ukitafuta maana ya maana.

Aliyelishughulikia tatizo hilo kwa dhati ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Japani. Kamusi aliyoiandaa na wenzake ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Ndiyo mzazi wa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Hornby alielewa kwamba mgeni wa lugha hahitaji maana pekee. Anahitaji kujua kwamba "information" na "advice" hazihesabiki na hazichukui wingi, na kwamba kitenzi fulani hufuatwa na muundo fulani na si mwingine. Mzawa hahitaji kuambiwa hayo, na kamusi iliyoandikwa kwa ajili yake huyapita kimya. Wachapishaji Longman walipoingia na kamusi yao mwaka 1978 walijifunga kuandika fasili zao kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu. Mwaka 1987 ikaja COBUILD, kamusi ya wachapishaji Collins, iliyoongozwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Hiyo ilijengwa juu ya mkusanyiko mkubwa wa matini uliohifadhiwa kwenye kompyuta, na ilifasili neno kwa sentensi nzima, hivyo maana na matumizi yakafika pamoja.

Wapinzani wa kamusi hizi wana hoja. Msamiati uliobanwa huzaa fasili butu: ndege huyu anakuwa "aina ya ndege", mmea ule "aina ya mmea", na msomaji anaondoka bila kujua kinachomtofautisha huyu na yule. Fasili za sentensi nzima hula nafasi, kwa hiyo vidahizo, yaani maneno yanayofasiliwa, vinapungua. Wapo pia walimu wanaoona kwamba mwanafunzi anayelishwa lugha iliyorahisishwa huchelewa kuzoea nathari halisi. Hoja hii ya mwisho sikubaliani nayo. Mtu hufungua kamusi ili arudi haraka kwenye alichokuwa anasoma, na nathari ngumu iko huko.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, naipendekeza kamusi ya wanafunzi wa ngazi ya juu, hata kwa mtu aliyekwisha kusoma miaka mingi na anayeona neno "wanafunzi" linamshusha hadhi. Halimshushi. Kosa la msomi anayeandika Kiingereza mara nyingi halitoki kwenye neno adimu. Linatoka kwenye kihusishi, kwenye wingi wa nomino, na kwenye maneno yanayopenda kuandamana. Kwamba Kiingereza husema "heavy rain" na si "strong rain" ni jambo ambalo kamusi kubwa ya kizamani haikukusudia kumfundisha mtu.

Ukiwa na mbili au tatu mbele yako, usizijaribu kwa neno la ajabu. Tafuta "rob" na "steal". Kamusi nzuri itakuonyesha kwa mifano kwamba la kwanza hutendwa kwa mtu au benki, na la pili kwa kitu kinachochukuliwa. Ile inayofasili moja kwa jingine na kuishia hapo, irudishe rafuni. Kisha fungua "take" uone kama unaweza kuifikia maana unayoitaka bila kusoma ukurasa mzima.

Lebo nazo, yaani vidokezo kwamba neno ni la mitaani au la kale, ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1961, Webster's Third, toleo la tatu la kamusi kubwa yenye jina la Webster, ilizua ugomvi mkubwa Marekani kwa kurekodi lugha jinsi inavyotumika huku ikipunguza hukumu kuhusu lipi ni sanifu. Kamusi ya American Heritage ya mwaka 1969 ilikuja kwa kiasi fulani kama jibu, ikiwa na jopo la kushauri juu ya matumizi. Mgeni wa lugha anahitaji vyote viwili: neno lirekodiwe, na aambiwe kama ni la mitaani, la kale au la kuudhi. Na kwa kuwa Webster ametajwa, jihadhari: jina lake halimilikiwi na mtu mmoja, na mchapishaji yeyote anaweza kuliweka jaladani. Kampuni iliyorithi kazi yake ni Merriam-Webster, baada ya ndugu wawili, akina Merriam, kununua haki zake kufuatia kifo chake mwaka 1843.

Kuhusu Uingereza au Marekani, fuata wale unaowaandikia. Kamusi nzuri za wanafunzi huonyesha tahajia na matamshi ya pande zote mbili.

Suala la karatasi au mtandao ni gumu zaidi. Tovuti za Oxford, Cambridge, Longman na Merriam-Webster zinatoa mengi bila malipo, zinakusomea neno kwa sauti, na husasishwa bila kungoja toleo jipya. Sauti hiyo pekee inatosha kumshawishi mtu. Lakini wachapishaji Macmillan walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaacha kuchapisha kamusi kwenye karatasi na kuhamia mtandaoni, na mwaka 2023 tovuti yenyewe ikafungwa. Waliokuwa na nakala ya karatasi bado wanaitumia. Ningetumia simu kwa matamshi na kwa maneno mapya, na kitabu kwa kuandika, kwa sababu jicho linapopita ukurasani hukuta nahau na vitenzi jirani ambavyo hukuwa umevitafuta. Kitabu cha toleo la nyuma kidogo hakina ubaya: maneno ya kawaida na sarufi yake hayabadiliki kwa muongo mmoja, na yale mapya ya teknolojia utayapata kwenye simu.