Asumini au bogenvilia: ua la wenye nyumba na ua la wapita njia

Ukipita mitaa mipya ya Dar es Salaam, ya Mombasa, hata viungani mwa mji wa Unguja, nyumba nyingi zenye uzio zina bogenvilia inayomwagika juu ya ukuta: ya zambarau, nyekundu, ya rangi ya chungwa, nyeupe. Mwasumini huuoni. Huenda uko ndani, lakini mara nyingi haupo kabisa. Nyumba za zamani za pwani zilijengwa kinyume cha hivyo. Nje ulikutana na ukuta mtupu wa mawe na chokaa, na mimea ilikuwa ndani, uani, asumini ikiwa na nafasi yake karibu na mahali watu wanapokaa jioni.

Wazee wengi huyasema mabadiliko haya kwa masikitiko. Bogenvilia, kwao, ni maua ya kutazamwa tu, hayanukii, hayachumwi, hayana kazi. Vijana wenye nyumba wanajibu kwamba asumini inataka mtu wa kuitumikia kila siku, na siku hizi mtu huyo hayupo nyumbani. Nadhani kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Lakini mjadala wenyewe umekaa zaidi kwenye uzuri, wakati kinachoamua ni maji, muda, na nani atakayeifurahia bustani.

Kwanza tuiweke kando hoja ya ugeni, maana husikika sana kwamba asumini ni yetu na bogenvilia ni ya kuja. Zote mbili zimekuja. Asumini asili yake ni Asia ya Kusini. Bogenvilia imetoka Amerika ya Kusini, na jina lake ni la Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia. Msafara wake ulipotia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767, mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, alikuwa pamoja na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la majini la Ufaransa. Mmea huo ulikusanywa hapo, na Baret akaja kutambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Tofauti iliyopo ni kwamba asumini imekaa nasi muda mrefu zaidi, ikaingia katika harusi na nyimbo zetu. Hilo ni jambo zito, ila linahusu mazoea yetu, na mazoea hujengwa.

Sasa bogenvilia yenyewe. Kile tunachokiita ua lake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua halisi ni kijineli chembamba cheupe kilichojificha katikati, na kwa kawaida vijineli hivyo huwa vitatu, kila kimoja kimeshikana na jani lake la rangi. Ndiyo sababu rangi ya bogenvilia hudumu kwa wiki kadhaa, wakati ua la asumini humaliza kazi yake kwa usiku mmoja. Na ndiyo sababu pia hupati manukato ya maana: rangi imechukua kazi ya kuwaita vipepeo mchana.

Sifa yake kubwa, ambayo wanaoibeza hawaitaji, ni uvumilivu wa ukame. Bogenvilia huchanua vizuri inapobanwa na kiu kidogo na kupigwa na jua kali, angalau saa sita kwa siku. Fikiria Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kumwambia mtu wa huko apande asumini kwenye uzio wake ni kumtwisha mzigo wa ndoo kwa miezi saba. Bogenvilia, ikishashika mizizi, inaweza kupita kiangazi hicho kwa maji machache sana, na ikachanua katikati yake. Hata Nairobi, pamoja na baridi ya Julai, imepamba barabara zake kwa mmea huu kwa miongo mingi. Asumini huko huishi, lakini baridi huipunguzia maua sana.

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakikosea. Mtu ananunua mche wa bogenvilia uliojaa maua kwenye kitalu cha barabarani, anaupeleka nyumbani, anaumwagilia asubuhi na jioni, anaujazia samadi ya kuku. Baada ya miezi mitatu ana msitu wa majani na matawi marefu yenye miiba, bila ua hata moja, kisha anasema ameuziwa mche mbovu. Mche ni mzima. Ameutunza kama mwasumini. Naitrojeni nyingi, yaani rutuba ya majani iliyojaa kwenye samadi hiyo, pamoja na maji mengi huusukuma kwenye majani. Uache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena, punguza samadi, na upogoe matawi marefu, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kosa jingine ni kuung'oa kwa nguvu kwenye mfuko wakati wa kupanda. Mizizi yake ni laini, hukatika upesi, na mmea huweza kufa kwa sababu hiyo tu. Chana mfuko taratibu, uweke shimoni na udongo wake wote.

Gharama zake ni za kweli. Miiba yake huchoma vibaya, na kwenye nyumba yenye watoto wadogo wanaofukuza mpira hilo si jambo dogo. Isipopogolewa hupanda nyaya za umeme, huelemea ukuta mwembamba wa matofali, humwingilia jirani. Majani ya rangi yakikauka hupeperuka hadi kwenye mifereji ya paa na uani kwa watu wengine. Mwenye kuipanda ajue anajifunga kuishika mkasi na glovu ngumu mara mbili au tatu kwa mwaka.

Asumini inadai kitu cha namna nyingine: uwepo. Vitumba huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba, vinafunguka magharibi ikiingia, na manukato hupanda usiku. Asubuhi maua yanaanza kunyauka na kudondoka. Mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa tatu usiku akiwa hoi hataona zaidi ya kichaka cha kijani na maua yaliyoanguka. Lakini aliyepo jioni anapata kitu ambacho bogenvilia haitampa hata ikifunika mtaa mzima. Asumini hutungwa koja, huchanganywa na rehani na mkadi kupata kikuba, yaani kishada cha kunukia cha wanawake, hutiwa nyweleni, hutandazwa kitandani kwa bibi harusi. Jirani mwenye shughuli hutuma mtoto na kibakuli kuja kuomba, naye hapewi jibu la hapana. Wapo akina mama wa pwani wanaotunga na kuuza asumini jioni, na fedha hiyo hutoka kwenye kichaka kimoja au viwili vya uani. Sisi si wa pekee katika hili: Ufilipino imeifanya asumini hii hii kuwa ua la taifa, Indonesia nayo imeiweka kati ya maua yake ya taifa, na Wachina huitumia kutia harufu chai ya kijani. Ua dogo kiasi hiki halikufika mbali hivyo kwa sura yake.

Mahitaji yake ni mengi lakini hayatishi. Inataka udongo wenye mboji, maji ya mara kwa mara wakati wa kiangazi, na jua la asubuhi likifuatiwa na kivuli chepesi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaifaa, na katika mitaa ya mgao wa maji hiyo ndiyo njia ya kuitunza bila kununua maji ya boza kwa ajili ya maua. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama sehemu kubwa ya Unguja na Mombasa, majani yake huelekea kuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Udongo huo una chokaa nyingi, hivyo mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma. Mboji nyingi husaidia, na kwenye hali mbaya ni bora kuipanda kwenye chungu chenye udongo ulioletwa. Kama bogenvilia, nayo huchanua kwenye machipukizi mapya. Maua yakipungua, kata theluthi ya kila tawi, tia samadi iliyooza, mwagilia, na subiri.

Kinachoiua asumini mijini, kwa maoni yangu, ni pevingi zaidi kuliko bogenvilia. Tumefunika ua wote kwa sakafu ili gari liingie na vumbi lisiingie, tukaacha ukanda mwembamba wa udongo chini ya ukuta unaopigwa na jua la mchana kutwa. Kwenye ukanda huo bogenvilia inashinda bila kugombana na mtu. Sioni haki kumlaumu mshindi. Aliyebadilika ni mwenye nyumba, aliyeanza kupanda kwa ajili ya barabara.

Mwenye uwanja wa kutosha na apande zote mbili, ila asizipande pamoja. Nimeona mara nyingi zikiwekwa kwenye tuta moja kwa ajili ya kuchanganya nyeupe na zambarau. Maji yanayoifaa asumini huifanya bogenvilia isichanue, na ukame unaoifaa bogenvilia huidondosha vitumba asumini. Bogenvilia iende upande wa jua la jioni, mbali na njia ya watoto. Asumini ikae karibu na bomba la jikoni, au chini ya dirisha la chumba cha kulala, mahali upepo wa usiku unapoingilia. Mwenye nafasi ya mmoja tu, kama anaishi pwani na kuna mtu nyumbani jioni, nitamwambia asumini bila kusita. Kama anaishi Dodoma, au Nairobi, au nyumba inabaki tupu siku nzima na maji ni ya kununua, achukue bogenvilia, naye asione haya kwa lolote.

Mpangaji nampendekezea asumini pia, kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Bogenvilia nayo hukubali chungu, tena mizizi ikibanwa huchanua zaidi, lakini kuihamisha na miiba yake katika gari la mizigo ni adha. Asumini huhama na mwenyewe. Na kama mwenye nyumba ameipenda, mpangaji alaze tawi moja ardhini miezi miwili kabla ya kuondoka, alifukie katikati na kuliwekea jiwe, aendelee kulimwagilia. Likishatoa mizizi alikate kutoka kwa mama yake, naye aondoke na ndoo yake.