Gavana wa Illinois, gavana wa Kiambu

Wakenya tunaoishi Illinois, Marekani, tuna kasumba moja. Habari ya ufisadi ikitoka nyumbani, mtu hutikisa kichwa na kusema huku mambo hayo hayapiti. Jimbo hili limeona magavana wake wanne wakifungwa jela. Wanne! Mmoja wao, George Ryan, aliwahi kusimamia ofisi iliyouza leseni za malori kwa hongo. Watoto sita wa familia moja walikufa katika ajali ya 1994 iliyohusu lori la dereva mwenye leseni kama hiyo.

Mwingine, Rod Blagojevich, alishinda uchaguzi wa ugavana wa 2002 akiahidi kufagia uchafu wa Ryan. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na baba mkwe wake diwani mwenye nguvu Chicago, aliyemfungulia milango ya siasa. Ferdinand Waititu wa Kenya, kwa jina la utani Baba Yao, naye alianzia udiwani Nairobi, akawa mbunge wa Embakasi 2008, wa Kabete 2015, kisha gavana wa Kiambu 2017. Wote wawili waling'olewa na maseneta tarehe 29 Januari: mmoja 2009, mwingine 2020.

Tofauti kubwa ni ushahidi. FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, ilipomkamata Blagojevich tarehe 9 Desemba 2008, simu zake zilikuwa zimeshanaswa kwa idhini ya mahakama. Alisikika akipima bei ya kiti cha useneta alichoacha Obama. Kulikuwa pia na hospitali ya watoto: malipo ya dola milioni 8 kwa madaktari wake yalicheleweshwa huku gavana akitaka mchango wa kampeni wa dola 50,000. Mtu akisikika kwa sauti yake mwenyewe, chama hakina pa kumfichia. Bunge la jimbo lilipiga kura 114 kwa 1, Seneti 59 kwa 0, na wenzake wa chama cha Democrats ndio waliokuwa wengi. Siku 51 tangu akamatwe, hana kazi. Kesi ya kwanza ilimtia hatiani kwa shtaka moja tu kati ya 24. Ikarudiwa, na kufikia Desemba 2011 alikuwa na kifungo cha miaka 14.

Kesi ya Waititu ilikuwa ya makaratasi: zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588, na fedha kurudi kwa kampuni zinazomhusu. Hapo unahitaji nyaraka za benki, za usajili wa kampuni na za kamati ya zabuni, na kila karatasi na shahidi wake. Wakili akiomba kuahirisha mara mbili tatu, mwaka umekwisha. Alishtakiwa Julai 2019. Hukumu ilitoka Februari 2025. Hata kumng'oa kulipita kwa uzi: wawakilishi wa wadi 63 kati ya 92, wakati theluthi mbili ni 62.

Lakini msiseme sheria yetu ni dhaifu. Waititu alipopewa dhamana, mahakama ilimzuia kukanyaga ofisini, na Jaji Mumbi Ngugi akaidhinisha zuio hilo. Blagojevich, akiwa nje kwa dhamana, aliendelea kutia saini kama gavana na kumteua Roland Burris kwenye kiti kilekile alichoshtakiwa kutaka kukiuza. Hapo Kiambu ilikuwa mbele ya Illinois kwa mbali.

Tunapovuja ni kwenye adhabu. Waititu alihukumiwa faini ya shilingi milioni 53.5 au miaka 12 jela, naye akakata rufaa. Sheria yetu ya ufisadi inadai faini ya ziada maradufu ya faida iliyopatikana. Ni kali kuisoma, ila mwenye fedha bado anaweza kununua njia ya kutoka. Mahakama za shirikisho huku hazina parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti. Mfungwa hutumikia takriban asilimia 85 ya kifungo. Blagojevich alikaa karibu miaka minane, tangu Machi 2012.

Aliyemtoa Februari 2020 ni Trump, kisha tarehe 10 Februari 2025 akamsamehe kabisa, siku tatu kabla ya Waititu kusomewa adhabu. Saini moja ya rais ilitosha. Kwetu, Kifungu cha 133 cha Katiba kinamtaka rais afuate ushauri wa kamati ya msamaha, kwa hiyo anayetaka kuiga Marekani kwa jumla aanze kwa kutuambia kama na hilo analitaka.