Usisubiri tangazo, soma kabrasha

Wakazi wengi huipata habari ya jiji lao ikiwa imeshapoa. Ushuru wa soko umepanda, karatasi imebandikwa ukutani, ndipo watu wanaulizana: hili lilipita lini? Lilipita kwenye kamati, wiki kadhaa nyuma.

Kurasa za jiji mitandaoni hujaa picha za uzinduzi. Habari yenyewe imo kwenye kabrasha la kikao: ajenda, kumbukumbu za kikao kilichopita na taarifa za wataalamu. Anza na kamati, maana baraza la madiwani mara nyingi huthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa huko. Ukishika kumbukumbu, nenda moja kwa moja kwenye "yatokanayo", pale maagizo ya nyuma yanapofuatiliwa. Jambo likiandikwa "linaendelea kushughulikiwa" vikao vitatu mfululizo, limekwama, na hilo ndilo la kumbana nalo diwani.

Makisio ya bajeti peke yake ni ahadi. Yaweke kando ya taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Tuseme mifereji ilitengewa milioni 40 na hadi robo ya tatu zimetumika milioni 3. Uliza: fedha hazikuingia, au zimeingia ila mkandarasi hajapatikana? La kwanza ni la idara ya fedha, la pili ni la manunuzi. Ukiyachanganya utazungushwa.

Karatasi isipopatikana, andika barua. "Naomba taarifa zote za barabara" ni ombi linalokataliwa kirahisi. Taja hati na kipindi: mkataba wa barabara fulani pamoja na mchanganuo wa gharama, Januari hadi Juni. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo, huna ushahidi wa siku ulizosubiri.

Lakini utaombaje usichojua kama kipo? Uswidi, iliyofungua nyaraka za serikali kwa sheria ya 1766, mwombaji halazimiki kueleza yeye ni nani wala anaitakia nini hati, na manispaa husajili nyaraka zinazoingia na kutoka. Rejista ya namna hiyo ni mistari tu: tarehe, aliyeandika, anayeandikiwa, inahusu nini. Ningeidai hiyo kabla ya tovuti yoyote mpya, iwe wazi mapokezi kwa kila anayeingia.