Paka wa Mtaa ni Paka wa Nani?

Jumatatu alfajiri, narudi msikitini, nikakuta pakacha mbele ya mlango wetu. Ndani mna vitoto vitatu vya paka, macho hayajafunguka, vimefunikwa kipande cha kanga kuukuu. Kanga yenyewe naijua, nimeiona mara kadhaa imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Kwa hiyo aliyevileta sikuwa na haja ya kumtafuta. Nilichotafuta asubuhi ile ni namna ya kumwambia bila ya kuvunja ujirani, maana mtu anayetupa vitoto vya paka akavifunika visipate baridi si mtu mbaya.

Tukakutana barazani baada ya chai.

"Bibi, yule paka wa madoadoa anayelala ngazini kwako kazaa?"

"Yule si wangu, mwanangu. Yule paka wa mtaa."

"Chakula anapata kwa nani?"

"Mie humtupia tu, vichwa vya samaki, makombo."

"Anaitwaje?"

Akacheka. "Paka wa mtaa huitwaje? Huitwa paka."

Vitoto vilirudi kwa mama yao kabla ya adhuhuri, hilo tulikubaliana bila ya maneno mengi. Lakini hilo neno "wa mtaa" limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu hapa Unguja ndilo tunalojifichia sote.

Tunajisifu kwamba sisi watu wa paka. Na kweli, pita Mji Mkongwe saa yoyote utawakuta juu ya baraza, chini ya milango ya nakshi, ndani ya vikapu vya wauza ndimu. Pale Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, upande wa samaki wana zamu zao kama wachukuzi: wanajua meza ya nani inakata jodari na saa ngapi. Dini nayo imewapa heshima. Paka si najisi, Mtume (S.A.W.) amesema ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Abu Huraira jina lake lenyewe limetokana na kipaka chake. Na hakuna mtoto aliyepita chuo cha Kurani asiyeijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka.

Lakini hadithi ile tunaisikiliza nusu. Yule mwanamke hakuambiwa kampiga paka, wala kammwagia maji ya moto. Alimfunga, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie mwenyewe. Alimshika bila ya kumhudumia. Sisi tumepata ujanja: tunasema mlango u wazi, sijamfunga, basi sina deni naye.

Mimi naona deni lipo. Mara ya kwanza unapomtupia kichwa cha samaki ni sadaka. Mara ya pili umemwonyesha mlango wako. Ikifika ya tatu, keshaacha kutafuta pengine, kakutegemea wewe. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, nao hawakutaja karatasi wala kamba ya shingoni. Anayelala ngazini kwako na kula kwenye sahani yako ni wa nyumba yako, upende usipende.

Angalia yanayotokea mwezi wa Nne kule mashamba ya pwani. Msimu wa wageni paka wa mahotelini wananenepa, kila meza inawapa mkia wa kamba. Masika yakiingia, hoteli nyingi zinafunga milango, wageni hawapo, na paka waliozoeshwa kula mezani wanabaki mvuani wakilia kwenye viti vilivyopinduliwa. Kila aliyewalisha alikuwa na huruma. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenye paka.

Nami nisijifanye msafi. Huruma bila ya ujuzi nimeshaitenda, na imeua.

Kabla ya huyu niliye naye sasa, nilikuwa na paka wa rangi ya bizari, tukimwita Manjano. Siku moja akapata homa, amejikunja chini ya kitanda, hali chakula. Nikafanya vile ambavyo ningemfanyia mwanangu: nikasaga nusu kidonge cha parasetamoli, nikakoroga na maziwa, nikamnywesha kwa kijiko. Jioni uso ukamvimba. Fizi zikageuka rangi, si nyekundu tena, zimekuwa kama zimepakwa kahawa. Akawa anahema mdomo wazi. Hakufika asubuhi.

Daktari wa mifugo niliyemweleza baadaye hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akaniambia ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu. Sumu yake hubaki mwilini, ikaiharibu damu hata isiweze kubeba hewa. Kidonge kimoja tu chatosha kumuua paka mzima. Dawa iko kila duka la Unguja, kila mkoba wa mama, na mimi sikuwahi kuambiwa na mtu. Basi nawaambia nyinyi.

Na maziwa niliyomkorogea nayo? Paka wakubwa wengi wao hayawakai, huwaharisha. Mchuzi wetu tunaowamiminia juu ya wali una vitunguu maji na thomu (kitunguu saumu), na vyote viwili humharibia paka damu. Ng'onda, samaki wa kukaushwa, ina chumvi mno. Wali mtupu na ugali ni kumjaza tumbo tu. Yeye ni mla nyama, mwili wake umeumbwa hivyo. Hata samaki wabichi, ukimpa hao kila siku bila ya kitu kingine, baadhi yao wana kitu kinachoiua vitamini B1, na paka huanza kuyumba. Mimi humchemshia dagaa, bila chumvi, bila kitunguu, nikampa na maji safi kwenye bakuli lake. Fungu moja la dagaa hukaa siku tatu. Upepo wa kusi ukichacha na samaki wakiadimika, tunabana mimi na yeye pamoja.

Huyu wa sasa ni Kaniki, mweusi tititi, nilimwokota mtaa wa Malindi akiwa mdogo kuliko kiganja. Mama alipomwona mara ya kwanza alirudi nyuma hatua mbili. Mnajua mambo ya paka weusi kwetu: usimpige usiku, huenda siye paka. "Umeniletea nini ndani ya nyumba?" aliniuliza, na wiki nzima alikuwa akimpisha ukumbini kama anavyompisha mkwe.

Miaka miwili baadaye baba akafariki, mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Siku za mwanzo watu wamejaa, hitima, sufuria, wajukuu. Baada ya arubaini kila mtu karudi kwake, nami nashinda kazini. Nikawa nahofia ukimya wa nyumba ile mchana. Kumbe haukuwepo. Nikirudi nasikia kutoka ngazini: "We Kaniki, ondoka kwenye mswala! We Kaniki, huna adabu, nani kakwambia upande juu ya kabati?" Mama alikuwa na wa kumgombeza. Aliyekuwa akimgombeza miaka arubaini hayupo tena, na yule paka akajaza nafasi ile bila ya kujua. Alikuwa na wa kumwamsha pia, maana Kaniki njaa ikimshika alfajiri hukaa kifuani mwa mtu mpaka ainuke. Watu wakiniuliza faida ya kufuga, huwa nataja panya, kwa sababu ndilo jibu linaloeleweka: tangu aje, mbio za juu ya boriti usiku zimekwisha. Lakini kama si aibu ya barazani, ningetaja eda ya mama.

Sasa nije kwenye neno zito: kuhasi.

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Mimba ni kiasi cha siku 63 hadi 65. Huzaa watatu, wanne, na zaidi, na hata akiwa bado ananyonyesha anaweza kushika nyingine. Nchi za mbali na ikweta siku za baridi mchana hufupika, na paka hupumzika kuzaa. Kwetu mchana ni karibu ule ule Januari hadi Disemba, basi mapumziko hayapo. Ndiyo sababu ya mapakacha. Hatuwaui, Mungu apishe mbali; tunawapeleka sokoni "watajipatia riziki". Kipaka kisichofungua macho kitajipatiaje riziki Darajani, mbele ya miguu ya wachukuzi na kunguru juu ya mabati?

Najua yanayosemwa. Wapo masheikh wanaokataza kuhasi, kwa kuwa ni kubadilisha maumbile. Wapo wanaoruhusu pale inapozuia madhara makubwa kuliko yenyewe. Mimi si mwanachuoni, kila mmoja amuulize anayemwamini. Ila atakayeniambia kuhasi ni dhulma, nami nitamuuliza pakacha analiitaje. Kaniki nimemhasi. Zamani alikuwa akirudi na sikio limechanika kila wiki kwa kupigana na mapaka shume ya Mkunazini. Siku hizi usiku analala, nasi tunalala.

Kuna na chanjo, ambayo kwetu tunaiona ni mambo ya mbwa na ya wazungu. Kichaa cha mbwa hakichagui. Paka akiumwa na mnyama mwenye kichaa naye hupata, na anaweza kumwambukiza mtu. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndugu zetu wa Pemba wana habari ya kutufundisha hapa. Chanjo za mbwa zilikifikisha kisiwa mahali ugonjwa ukakatika mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, umeletwa kutoka nje ya kisiwa kwa mikono ya watu. Ikabidi chanjo za kisiwa kizima zirudishwe, na 2018 ukaondoka tena. Bahari haikutosha kukilinda kisiwa, sindano ndiyo iliyokilinda. Kaniki huchanjwa, na daktari ananiambia kipaka huanza akifika miezi mitatu hivi. Ukiumwa au kuparurwa na mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona.

Na kwa kuwa nimewataja mbwa: sisi Mashafii, wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunajua kuosha chombo alicholamba mbwa mara saba, moja kwa udongo, na hilo silibishii. Ila hadithi ya mbwa mwenye kiu, aliyenyweshwa maji na mtu akasamehewa dhambi zake, nayo iko kwenye vitabu vile vile. Watoto wanaopiga mbwa mawe kule ufukweni wameisikia ya kuosha tu.

Jambo dogo la nyumbani, hasa kwa wenye wake wajawazito, kwa sababu nimeona paka akifukuzwa nyumba nzima kwa hofu hii. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni. Ni kweli. Lakini kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo mchanga wake ukisafishwa kila siku, na akausafisha mwengine asiyekuwa na mimba, na mikono ikaoshwa, hofu hupungua sana. Mume aliyemtia mke mimba haoni tabu. Kusafisha mchanga wa paka ndiyo iwe tabu?

Nimeyasema mengi ya haya kwa jirani yangu, si yote kwa siku moja, na si kwa mpangilio huu. Alinisikiliza akichambua mchele. La kuhasi lilimtia shaka, akasema atamuuliza mwanawe aliyesoma. Jumatano mwanawe akanipigia simu: vikishaacha kunyonya, miezi miwili hivi, nimchukue mama mtu kwa daktari, gharama wao nusu na mimi nusu. Pakacha nimelitundika kwenye msumari wa ukumbini, kwa sababu paka hapandi daladala mikononi.

Jana magharibi nilikuwa dirishani nikamsikia yule bibi uwani kwake, anagonga sahani ya bati kwa kijiko. "Kanga! Kanga, njoo ule!" Nikadhani anamwita mjukuu. Halafu nikayakumbuka yale madoadoa.